Khanga ni ya mama mkwe, mdomo ni wako

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili, tunaishi Morogoro. Tangu mwezi wa pili tuko na mama mkwe, alikuja kutoka Kisarawe alipomaliza eda ya baba mkwe. Hanitukani, ila vyombo nilivyoosha anaviosha upya, alfajiri anafagia chini ya dirisha letu, na chakula anakwenda kulia uani peke yake. Kazini, huduma kwa wateja, tulifundishwa igizo dhima: unajifanya mteja mwenye hasira ili umwelewe. Nikajaribu nyumbani. Usiku wakishalala nakaa jikoni kwenye kigoda chake, najitanda khanga yake iliyo kwenye kamba, nasema kama yeye. Nimegundua mengi. Ana wivu kwa kuwa nimemchukua mwanawe. Anaona namwachia dada wa kazi kila kitu. Na ile khanga yenyewe, 'Hasidi hana sababu', ananisema mimi. Juzi mume wangu akanikuta. Anaamini nimepandisha, anataka nifanyiwe kisomo. Je, nimekosea? Niache? Mke wa mwanawe, Morogoro."

Marahaba mwanangu.

Nimecheka kwanza, unisamehe. Namwona huyo mumeo saa saba ya usiku, kaja kunywa maji, anamkuta mama yake kigodani ana miguu ya mkewe. Ukinambia alidondosha kikombe sitashangaa.

Tena kwa watu wa mama mkwe wako hilo ulilofanya si geni. Nenda msiba wa Kizaramo ambao watani wao Wanyamwezi au Wasukuma wamehudhuria. Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anashika bakora yake, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anawadai watu madeni. Utani huo watu huuhusisha na zama za misafara, wapagazi waliposhuka kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo na kukatiza Uzaramo. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi bado hayajakauka. Nimeshuhudia mtani akiiga jinsi marehemu alivyokuwa akigombana na redio yake, na kutoka chumbani sauti ya dada wa marehemu ikasema, "Aa, siyo hivyo, alikuwa anaipiga ubavuni!" Mtani akarudia, safari hii akaipiga ubavuni. Watu wakalia upya.

Mtani anaigiza mchana, mbele ya waliomjua mtu. Akikosea anasahihishwa papo hapo. Wewe unaigiza usiku, mtazamaji wako ni sufuria. Nani atasema "siyo hivyo"?

Nimeirudia barua yako mara mbili nikitafuta huyo mama uliyemgundua. Wivu wake ni juu yako. Dada wa kazi, anakulaumu wewe. Khanga yake, inakusema wewe. Mwanamke katoka kumzika mume, kakaa eda, kafunga nyumba yake, kaja kuishi mji ambao hana hata jirani wa kumgongea aombe chumvi. Usiku wote huo uliokaa kuwa yeye, marehemu hakukupitia kichwani hata mara moja? Umemtaja kwangu ukielezea tarehe tu. Huyo aliyekuwa anasema jikoni, mwanangu, ni wewe uliyejitanda khanga ya mwenzio.

Sikusuti wewe peke yako, sote tuko hivyo. Mwaka 2018 watafiti watatu, Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley, walitoa matokeo ya majaribio 25 juu ya jambo hilihili. Waliwataka watu wajiweke mahali pa mwenzao, kisha wakapima kama wanakisia sawasawa anachowaza au anachohisi. Kujiweka mahali pake hakukuwasaidia kukisia vizuri zaidi, ingawa watu huamini kwamba kunasaidia. Hata wanandoa walijaribiwa, watu wanaolala mto mmoja. Kilichosaidia ni kumuuliza mhusika na kumsikiliza.

Na kuna kisa nakipenda sana. Augusto Boal, Mbrazili aliyefanya maigizo na watu wa kawaida, amesimulia kilichomtokea Peru miaka ya 1970. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma aliwekeshwa karatasi na mumewe, akaambiwa ni risiti za nyumba wanayojenga. Akaja mtu akamsomea: barua za hawara. Waigizaji wakalicheza hilo, kisha wakawauliza watazamaji, mume akirudi mke afanye nini? Mama mmoja mwenye mwili wake akasema, azungumze naye waziwazi, halafu amsamehe. Wakaigiza mazungumzo. Mama akatikisa kichwa, siyo hivyo. Wakaigiza tena kwa ukali zaidi. Siyo hivyo! Mwisho Boal akamwambia, basi panda mwenyewe. Mama akapanda, akashika fagio, akamtandika yule mwigizaji aliyekuwa mume mpaka akachoka, kisha akamsamehe. Hayo ndiyo aliyokuwa anayaita mazungumzo. Waigizaji wale walikuwa hodari, na maneno ya yule mama waliyasikia vizuri. Ila wangerudia mpaka asubuhi wasingelifikia fagio.

Mama mkwe wako naye ana fagio, kila alfajiri, chini ya dirisha lako. Umeamua ni vita. Mimi sijui ni nini. Huenda ni mjane asiyepata usingizi na hajui afanye nini na mikono yake.

Kwa hiyo niache? umeniuliza. Kigoda usikiache, maana umekikalia na mwili wako umejifunza kitu hata kama mdomo ulikosea. Umeona ukiwa pale kila anayeingia jikoni anasimama juu ya kichwa chako? Umeona magoti yanavyolia ukiinuka? Hayo ni maswali mazuri, ulichofanya ni kuharakia kuyajibu mwenyewe. Wewe ni mkaza mwana, huwezi kumkalisha mkweo ukamhoji kama karani wa mahakama, na ukimuuliza "mama, mbona hunipendi" atakujibu "nani kasema?" na mlango umefungwa. Kaeni mkichambua mchele. Mikono ikiwa na kazi na macho yako kwenye ungo, watu husema. Muulize baba alikuwa anapenda mboga gani. Muulize vyombo kwao walikuwa wanasugulia nini. Akikwambia kwamba sabuni yako inaacha utelezi, basi umepata jibu ambalo usingelipata usiku mia, na ni jibu la sabuni.

Mumeo mweleze leo, mchana, watoto wakiwa shule. Mwambie ulijifunza wapi na kwa nini. Kisomo hakina ubaya, Qur'ani ikisomwa nyumbani ni baraka, lakini asiitishe watu kwa ajili ya pepo ambaye hayupo, mama yake akaja kusikia kwa majirani kwamba pepo mwenyewe ndiye yeye.

Sasa hiyo khanga. Kuitoa kambani bila kuomba ni kosa, na hilo nakukemea. Ifue, ikunje, mpelekee mkononi. Mwambie, "Mama, nzuri hii, nani alikupa?" Huenda alinunua doti kwa ajili ya rangi tu. Huenda aliletewa na mashoga zake siku ya kutoka eda, na hasidi wanayemjua wao yuko Kisarawe. Huenda kweli ni wewe. Akikujibu, niandikie tena.