Jibu: Nichore nini, na mbona rangi zangu zageuka tope?
Umeuliza uchore nini chenye rangi hapa Mombasa, na kwa nini ukichanganya rangi unapata tope. La kwanza ni jepesi: tandaza leso ya nyumbani. Tazama mji wake, yaani sehemu ya katikati, na pindo lake la pembeni. Nyingi zina rangi tatu au nne tu, moja imetawala na nyingine zimepewa nafasi ndogo. Iga mgao huo, maua yake yaache.

Kisha pita soko la Marikiti ununue embe ngowe moja. Kata tundu la sentimita 2 kwenye kipande cha manila, ulisome embe kupitia hapo, sehemu kwa sehemu. Upande wa kivuli si mweusi. Ni chungwa iliyokolea, na chini kabisa kuna rangi ya meza iliyoakisiwa juu ya embe. Tope huanzia hapo hapo: watu hutia nyeusi kwenye manjano, ikatoka kijani cha magugu. Tia nyekundu kidogo, halafu zambarau ya ncha ya brashi tu. Mchanganyiko ukipita rangi tatu, tupa. Na weka makopo mawili ya maji, la kuoshea na la kusuuzia.

Rangi ya akriliki, ile ya kuchanganya na maji, ikikauka hukolea, kwa hivyo ijaribu kwanza kwenye karatasi. Chora kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la adhuhuri hufifisha kila kitu. Maua ya boganvilia yaweke baadaye, pinki ile huwashinda hata wazoefu.