Tovuti ya skuli ya Montessori na mzazi anayeifungua kwa simu

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya maandalizi inayofuata mfumo wa Montessori, ambao mtoto hujifunza kwa kufanya kazi kwa mikono yake, nje kidogo ya mji wa Unguja, upande wa Fuoni. Tuna watoto 38 wa umri wa miaka 3 hadi 6, ilhali nafasi zetu ni 60. Miaka miwili nyuma tulitengenezewa tovuti yenye historia ya Maria Montessori, dira na dhamira ya skuli, picha na fomu ya maombi. Hata hivyo, wazee wapya karibu wote huja kwa kuambiwa na wazee wenzao, na mwaka huu haikutokea familia hata moja iliyosema kuwa imetuona mtandaoni. Je, tuitengeneze tovuti upya, au kuna jambo la kurekebisha?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Kabla ya kukujibu niliifungua tovuti yenu kwa simu ya bei nafuu, nikiwa ndani ya daladala iliyosimama Mwanakwerekwe ikingoja abiria, kwa sababu akina mama wengi mnaowatafuta wataifungua katika hali kama hiyo. Ilichukua zaidi ya sekunde 20 picha ya kwanza kutokea, na ilipotokea ilikuwa ya watoto wa nchi nyingine waliovaa masweta mazito. Chini yake yalikuwapo maneno ya kukaribisha wageni, kisha dira, kisha dhamira, kisha maisha ya mwanzilishi wa mfumo. Namba ya simu niliipata baada ya kufungua kurasa tatu, nayo ilikuwa imeandikwa ndani ya picha ya bango, kwa hivyo nilipoibonyeza haikupiga wala haikunakilika. Picha za watoto wenu wenyewe, ambazo ni nzuri sana, zipo mwisho kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki.

Hamna haja ya kutengeneza tovuti nyingine. Iliyopo inatosha, ila imepangwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuijua skuli, wakati anayeifungua ni mtu anayemfikiria mwanawe.

Naomba kwanza tulitazame vizuri hilo la wazee kuja kwa kuambiwa, kwa sababu umelieleza kana kwamba ni ushahidi kuwa tovuti haina kazi. Hapa kwetu mtoto hapelekwi skuli kwa tangazo, bali mama huuliza kwa dada yake, kwa jirani, kwa mwenzake wa kazini, na siku hizi jawabu la suala hilo hupita kwenye WhatsApp. Mzazi aliyeridhika nanyi anapotuma kiungo cha tovuti, mwenzake huona kikadi kidogo chenye picha na kichwa cha habari kabla hajabonyeza chochote. Nilijitumia kiungo chenu nikaona kikadi kisicho na picha, na neno moja tu, «Mwanzo». Mwambieni fundi wenu aweke picha moja maalumu ya kikadi hicho, inayomwonyesha mtoto akiwa kazini, na abadilishe kichwa cha ukurasa kisomeke mfano: «Skuli ya Montessori Fuoni, Zanzibar: miaka 3 hadi 6». Kichwa hichohicho ndicho ambacho Google huonyesha mtu anapotafuta, na kwa kawaida huonekana herufi 60 hivi za mwanzo tu, kwa hivyo jina la mahali na umri wa watoto visiachwe mwisho. Kazi hii ni ya nusu saa, na ndiyo ningeianza.

Sasa nije kwenye ukurasa wa mbele, ambao ndio kiini cha suala lako. Mzazi wa Unguja anayesikia habari za Montessori kwa mara ya kwanza ana wasiwasi mmoja ambao mara nyingi hauulizi mbele ya mwalimu kwa kuona haya: je, mwanangu atasoma, au atacheza tu? Amesikia kuwa watoto wanamimina maji, wanachambua dengu na kufunga vifungo, na yeye hailipi ada ili mtoto akachambue dengu. Tovuti yenu inamjibu kwa maneno kama «ukuaji wa mtoto kwa ujumla wake», ambayo hayamwondolei wasiwasi hata kidogo. Mtakachomjibu ni kazi moja iliyoelezwa tangu mwanzo hadi mwisho, ikiambatana na picha ya mikono ya mtoto wenu mwenyewe. Kwa mfano, mwaweza kuandika hivi:

«Mtoto wa miaka 3 anachukua trei yenye bilauri mbili na kijiko. Anahamisha dengu moja moja kutoka bilauri ya kushoto kwenda ya kulia, akishika kijiko kwa vidole vitatu, na zikimwagika anaziokota mwenyewe. Vidole hivyo vitatu ndivyo atakavyoshikia penseli, na njia hiyo ya kushoto kwenda kulia ndiyo atakayoifuata akisoma. Baadaye atapewa herufi zilizokatwa kwa msasa na kubandikwa kwenye vibao. Atapitisha ncha za vidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake, mpaka mkono na sikio vizowee kwa pamoja.»

Mzazi akisoma maneno kama hayo anaona mwenyewe namna dengu zinavyofika kwenye kusoma. Ongezeni hapo jambo ambalo vitabu vya nje havilisemi, nalo ni kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika sauti za herufi anaweza kuunganisha «ma» na «ma» akasoma neno kamili. Hiyo ni hoja yenye nguvu kwa skuli yenu, na sijaiona popote katika tovuti. Fanyeni hivyo kwa hesabu pia. Ule mnara wa waridi, ambao mtoto huupanga kwa kuweka kipande juu ya kingine, una vipande 10 vya mchemraba, cha mwanzo kina sentimita 1 kila upande na cha mwisho kina sentimita 10, na mtoto akikosea kuupanga anaona kosa lake bila ya mwalimu kusema neno. Shanga za kuhesabia nazo zinamwonyesha kumi kuwa ni ufito, mia kuwa ni mraba na elfu kuwa ni mchemraba anaoweza kuubeba kwa mikono miwili. Piga picha ya mtoto aliyeubeba mchemraba huo wa shanga elfu, mwalimu, na uiweke juu kabisa mahali palipo na wale watoto wenye masweta.

Historia ya Maria Montessori isifutwe, bali ihamishiwe ukurasa wa ndani na ifupishwe. Yatosha kusema kuwa alikuwa daktari wa Italia, na kwamba tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Hilo la mwisho mlisisitize, maana wazee wengi hudhani kuwa mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya watoto wa matajiri.

Wapo pia wazee wanaoujua mfumo huu vizuri, na hao wana suala jingine. Jina la Montessori halina mwenyewe, na skuli yoyote yaweza kujiita hivyo hata kama ina vibao viwili vya mbao kwenye kabati, kwa hiyo mzazi wa namna hii anatafuta dalili za ukweli. Waandikieni bayana walimu wenu wamesomea wapi na wana cheti gani, kwamba watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa chumba kimoja, na asubuhi mna muda wa kazi usiokatizwa wa saa ngapi. Mkiwa mnaufuata ule muda wa saa 3 mfululizo, semeni. Mkiwa na saa 2, semeni 2.

Baada ya hapo yapo masuala ambayo mzazi wa hapa huyauliza kabla ya kuuliza mfumo: watoto wanatoka saa ngapi na kama wanawahi chuo cha Kurani alasiri; chakula kinapikwa wapi; darasani kunasemwa Kiswahili, Kiingereza au vyote viwili; ratiba ya Ramadhani ikoje; mtoto anayemaliza kwenu anaingiaje darasa la kwanza katika skuli nyingine; na skuli imesajiliwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwa namba ipi. Kila moja lijibiwe kwa sentensi mbili au tatu za kawaida, katika ukurasa mmoja.

Ada nayo iandikwe. Najua walimu wakuu wengi hupendelea mzazi aje kwanza ndipo aambiwe, wakiamini kuwa akiiona skuli hatajali bei. Kwa uzoefu wangu, mzazi asiyeiona ada hudhani ni kubwa kuliko ilivyo, na huona haya kuuliza asije akaonekana hana uwezo. Andikeni ada ya muhula, inajumuisha nini, na kama inaweza kulipwa kwa mafungu.

Kuhusu picha, nakusihi jambo moja kwa dhati. Usimweke mtoto yeyote mtandaoni bila ya idhini ya maandishi ya mzazi wake, usiandike jina lake, na mzazi akikataa au akibadilisha rai yake baadaye, picha iondolewe siku hiyohiyo. Picha za mikono na za mgongoni zinatosha sana, na mara nyingi zinaeleza kazi vizuri zaidi kuliko sura zinazoitazama kamera.

Sasa uzito wa ukurasa. Picha mlizoziweka zimetoka moja kwa moja kwenye simu, nyingine zikiwa na megabaiti 4 au 5, na ukurasa wa mbele una picha sita za aina hiyo zinazopishana zenyewe. Kwa hesabu hiyo mama anatumia zaidi ya megabaiti 20 za bando lake kabla hajasoma neno, na wengi hufunga kabla ya kufika hapo. Ondoeni picha zinazopishana, mbakishe moja. Kila picha ipunguzwe upana hadi pikseli 1200 hivi, ihifadhiwe kwa muundo wa WebP, ambao huifanya picha iwe nyepesi, na isizidi kilobaiti 150. Kwenye simu hutaiona tofauti. Kwa kuwa tovuti yenu imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, toleo lolote tangu lile la 5.5 la mwaka 2020 linajua lenyewe kuchelewesha picha za chini mpaka msomaji azifikie, lakini hakikisheni kuwa ile ya juu kabisa haicheleweshwi. Mkimaliza, pimeni kwa PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google: kipimo chao ni kuwa kitu kikubwa cha mwanzo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Rangi, maandishi ya mapambo na mengineyo ya sura msiyashughulikie kwa sasa.

Fomu ya maombi yenye masuala 22 iondoeni mbele. Niliwahi kuiwekea skuli moja fomu ya namna hiyo, nikijivunia ukamilifu wake, na kwa miezi kadhaa haikujazwa na mtu; tulipoweka kitufe cha WhatsApp mahali pake, wazee walianza kuandika wiki hiyohiyo. Fomu ni ya mzazi aliyekwisha kuamua, na huyu bado anapeleleza. Kiungo cha kitufe huanza na wa.me/ kikifuatiwa na namba yenu yenye 255, bila ya sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha, na kinaweza kubeba maneno yaliyokwisha kuandikwa kama «Assalaam alaykum, naomba kuja kuiona skuli. Mwanangu ana umri wa miaka…» ili mama ajaze tarakimu tu na kutuma. Namba hiyo iwe ya skuli, isiwe ya mwalimu mmoja atakayehama nayo, na awepo mtu wa kuijibu kabla ya jioni.

Hicho kitufe kimwalike kuja kuona darasa likiwa kazini. Tengeni asubuhi moja kila wiki, muweke kiti kimoja kwenye kona ya darasa, mzazi akae nusu saa akitazama bila ya kuzungumza, kisha ndipo mwalimu azungumze naye nje. Tovuti ieleze hivyo hivyo, siku na saa, ili ajue kitakachomkuta akifika. Na afike bila ya kupotea: jisajilini kwenye ramani ya Google, ambako usajili ni bure, wekeni pini penye lango lenyewe, kisha kwenye tovuti muandike njia kama mnavyomwelekeza mtu kwa mdomo, kwa kutaja msikiti, duka au mti anaoujua kila mtu. Waombeni wazee mlionao waandike maoni yao hapo kwa maneno yao wenyewe.

Ikiwa mnapata pia familia za wageni wanaofanya kazi mjini au mahotelini, waandikieni ukurasa wa Kiingereza wenye anwani yake peke yake, ulioandikwa na mtu. Kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja kunawachosha wasomaji wa lugha zote mbili.

Mwaka wa masomo unaanza Januari, na wazee huanza kuulizana miezi michache kabla, kwa hiyo kikadi cha WhatsApp, picha ya juu, namba ya simu na ada viwe tayari kabla ya Oktoba. Maelezo ya kazi za watoto mnaweza kuyaongeza moja moja kila wiki. Na siku ya usajili msimuulize mzazi kama aliwaona mtandaoni, kwa sababu atasema aliambiwa na rafiki yake, nalo litakuwa kweli. Muulizeni: «Ulipoambiwa, ulitutazama wapi kabla ya kuja?» Andikeni jawabu lake kwenye daftari, na baada ya muhula mmoja nitumie orodha hiyo tuitazame pamoja.