Shangazi, nashika kumi kwa mpigo na hakuna hata moja linaloisha

Safari hii nimechagua barua tatu, manake zote zinalilia kitu kimoja, watu wanachoka sana na kazi zinabaki palepale. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua walioko kwenye hali hiyo ni wengi.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, nafanya kazi ofisi ya kliaringi hapa Dar, tunatoa mizigo ya watu bandarini. Kazi yangu hasa ni kuandaa nyaraka na kuingiza taarifa kwenye mfumo, lakini hapohapo najibu wateja WhatsApp, napokea simu ya mezani, bosi anaita, grupu la ofisi linalia muda wote. Wakati nafanya najionaga niko fasta kweli, ila jioni nikijiuliza leo nimemaliza nini sioni, na kichwa kinauma. Mwezi huu nimekosea namba ya kontena la mteja, nyaraka zikarudishwa, mzigo ukakaa bandarini, tozo ikapanda na bosi akanifokea mbele za watu. Wenzangu naona wanaweza, mbona mimi nashindwa? Au ubongo wangu una shida?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kufokewa mbele za watu haikuwa sawa hata kama kosa lilikuwepo. Kwa haya uliyoniandikia sioni shida yoyote kwenye ubongo wako, na hao wenzako unaowaona wanaweza hebu kaa nao pembeni siku moja uwaulize jioni wanafika nyumbani wakiwa na hali gani.

Jua hivi, kazi mbili zote zinazotaka kufikiri hazifanyiki kwa pamoja. Unachofanya wewe ni kuacha hii unarukia ile unarudi tena hii, harakaharaka mpaka mwenyewe huoni kama umehama, na kila ukihama kuna kitu unalipa. Hili si jambo la zama za simu janja, mwaka 1927 huko Marekani mwanasaikolojia Arthur Jersild aliwapa watu orodha za namba, wakifanya hesabu za aina moja mfululizo wanaenda vizuri, akiwaambia wabadilishe aina kwa zamu wanatumia muda mrefu zaidi. Na hizo zilikuwa hesabu ndogo tu za karatasini, hamna mteja anayepiga simu wala bosi anayeita.

Alafu mwaka 2009 mtafiti mwingine, Sophie Leroy, akaonesha kitu ambacho naamini ndo kinakumaliza wewe. Mtu akiitwa kwenye kazi nyingine kabla hajamaliza ya kwanza, anaenda kweli, ila sehemu ya mawazo yake inabaki kule alikotoka, na ile kazi mpya anaifanya chini ya uwezo wake. Sasa wewe fikiria siku yako nzima, kidogo uko kwa mteja wa magari, kidogo kwa mteja wa vigae, kidogo kwenye grupu, kila mahali umeacha kipande, ikifika saa tisa mchana unaingiza namba ya kontena na kilichobaki kichwani mwako kwa ajili ya ile namba ni kidogo mno.

Na hiyo ya kujiona uko fasta ni kweli, hujidanganyi. Gloria Mark na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2008 wakakuta watu waliokuwa wanakatizwakatizwa walimaliza kazi yao haraka kuliko wasiokatizwa, manake walikuwa wanakimbiza, lakini walilipia kwa stresi, kukereka na kuhisi muda unawabana. Hapo ndo kichwa chako kinapouma. Kwa hiyo ukimweleza bosi usimwambie unachelewa, atakwambia mbona uko haraka tu, mwambie haraka hii ndo inayozaa makosa ya tozo.

Sasa tufanye nini. Namba ya kontena wewe unaijua kuliko mimi, herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho imekokotolewa kutokana na zilizotangulia kusudi kosa ligundulike. Waliobuni utaratibu huo walijua kabisa kwamba binadamu akinakili namba ndefu atateleza, yaani si wewe peke yako. Kwa hiyo kazi ya kuingiza namba itengee muda wake, ukusanye nyaraka za asubuhi zote uzifanye kwa mkupuo mmoja, nusu saa au dakika 40, simu ya mkononi iwe kwenye droo na sauti imezimwa, WhatsApp ya kwenye kompyuta imefungwa. Namba isome kwa sauti ya chini, herufi kwanza, kisha tarakimu tatu, tatu, na ile moja. Ukimaliza fungua meseji zote ujibu kwa pamoja. Mteja akingoja nusu saa huku mzigo wake unashughulikiwa sawasawa hapotezi kitu, anapoteza pale mzigo unapolala bandarini.

Utakatizwa tu, najua, ofisi ni ofisi. Ukiitwa usinyanyuke kabla hujaandika kwenye kikaratasi mstari mmoja, nimeishia wapi na nikirudi naanza na nini. Huyohuyo Leroy na mwenzake Theresa Glomb walikuja kuonesha mwaka 2018 kwamba kuandika hivyo kunasaidia akili ikubali kuiacha ile kazi kwa muda. Inachukua sekunde chache, bosi anaweza kusubiri hizo.

Ila yote haya, mwanangu, hayatadumu kama utayafanya peke yako kimyakimya. Mimi naamini hivyo kabisa na ndo sababu barua yako nimeipa nafasi kubwa. Watu wanatuambia tujitahidi kutulia, tuwe na nidhamu, wakati wanaotukatiza ni wao. Angalia marubani walivyofanya. Mwaka 1974 ndege ya shirika la Eastern ilianguka ikijaribu kutua Charlotte, Marekani, kukiwa na ukungu, wakafa watu zaidi ya 70, na wachunguzi wakakuta kwamba marubani walikuwa wanapiga stori zisizohusu kazi wakati wanashuka. Mamlaka ya anga ya Marekani haikuishia kuwaambia marubani muwe makini. Mwaka 1981 ikaweka sheria kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, wakati wa kupaa na kutua, hakuna mazungumzo wala shughuli yoyote isiyohusu kuiendesha kwa usalama, na wahudumu nao hawaruhusiwi kuwasumbua kwa mambo yasiyo ya usalama. Yaani utulivu wa rubani ukawa ni jukumu la kila mtu kwenye ile ndege.

Mwendee bosi siku akiwa ametulia, mpe heshima yake, mwambie bosi naomba saa tatu na nusu hadi saa nne na robo iwe ya kuingiza nyaraka tu, simu ya mezani apokee mwenzangu, na jioni mimi nitampokelea yeye akiwa anaandaa za kwake. Cha dharura kweli uje mwenyewe mezani kwangu. Nenda na hesabu ya ile tozo mkononi, usilie wala usilaumu, hesabu itaongea. Omba mjaribu wiki mbili.

SWALI: Shangazi, mimi ni bodaboda hapa Mwanza. Simu naichomeka ndani ya helmeti pembeni ya sikio naongea na wateja huku naendesha, mikono yote iko kwenye usukani na macho barabarani. Mke wangu ananigombeza kila siku anasema nitakufa. Mi naona nakosa abiria nisipopokea. Nani yuko sawa?
Kijana wa Mwanza

JIBU: Mkeo yuko sawa, kijana wangu, na nakuomba umsikilize leo.

Mikono kuwa huru haisaidii kama unavyodhani. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wamewapima madereva miaka mingi kwenye mashine za kuigiza kuendesha, na wakakuta anayeongea bila kushika simu anaharibikiwa sawa na aliyeshika, manake kinachoondoka barabarani ni akili, macho yanaangalia mtoto anavuka lakini taarifa haifiki kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara 4 zaidi, na kwamba simu zisizoshikwa mkononi hazina usalama mkubwa kuliko za kushika. Hao ni madereva kwa ujumla, wengi wao wamezungukwa na bati la gari, wewe umezungukwa na hewa, alafu nyuma yako kuna mama wa watu na kikapu chake. Pia helmeti inatakiwa ibane kichwa vizuri kote, ukiingiza simu pale pembeni umeilegeza upande mmoja na siku ukidondoka, Mungu apishe mbali, shavu lako linakutana na kioo cha simu.

Kuhusu abiria, waambie wateja wako wa kila siku, ukiona sipokei jua nipo barabarani, nikishusha nakupigia. Na kweli uwapigie, usiwaache hivihivi. Simu ikiita mara tatu nne mfululizo ingia pembeni, simama kabisa, ongea, endelea. Na nyie abiria mnaosoma hapa, mkimpigia boda asipopokea msimfute kwenye simu zenu, huyo anawatunza.

SWALI: Shangazi habari za siku. Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo nyumbani hapa Tanga. Nashona huku nimeinjika maharage, huku namsimamia wa kidato cha pili asome, yeye naye amewasha tivii na simu iko mapajani. Nikimwambia azime ananijibu mbona wewe mama unafanya matatu kwa pamoja. Nimekosa jibu. Mimi nilijua wanawake tumeumbiwa hivi, wanaume ndo hawawezi.
Mama Fundi, Tanga

JIBU: Salama dada yangu, na hongera kwa kuibeba nyumba. Hilo la kuumbiwa naomba tuliangalie vizuri. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, mwaka 2019 waliwapima wanawake 48 na wanaume 48 kwa kazi za kufanya mbili kwa pamoja na za kuhama toka hii kwenda ile, hawakuona tofauti, wote ziliwaharibia. Mimi ninavyoona, wanawake tunafanya matatu kwa sababu tumeachiwa matatu, na tukisema ni kipaji chetu basi hakuna atakayekuja kutupokea hata moja.

Mwanao mjibu hivi. Maharage yakishakaa motoni yanajichemkia yenyewe, hayakai kichwani mwako, na mshono wa moja kwa moja mikono yako imeuzoea miaka. Kusoma hakuko hivyo, maneno ya kitabu na maneno ya tivii yanagombania mlango mmoja, kama mtu anahesabu hela alafu anasalimiwa, inabidi aanze tena. Utafiti wa Stanford wa 2009 ulikuta wanafunzi waliozoea sana kuchanganya vyombo vingi vya habari na mawasiliano kwa pamoja walishindwa zaidi kuvipuuza vitu visivyohusika. Haukusema kuchanganya ndo kumewafanya hivyo, lakini mimi mwanangu nisingemwacha ajaribu.

Ila mtoto ana hoja na usimzimishe kwa ukali, manake kuna kazi yako ambayo haitaki mwenzake, nayo ni kupima na kukata. Hapo ukikosea sentimita mbili umenunua kitambaa cha mteja. Kwa hiyo unganisheni, saa mbili hadi saa tatu usiku yeye anasoma, tivii imezimwa, simu yake na yako zote ziko chumbani, wewe unapima na kukata meza ileile. Maharage yawe yameshaepuliwa kabla. Na wale wadogo wawili kwa hiyo saa moja awashike baba yao, na usimwombe kama msaada, mwambie tu kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili usiku watoto ni wake.