Mezani Forodhani na shemeji mwenye mzio wa kamba

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mwezi ujao familia yetu itasafiri kwenda Unguja, na jioni moja tumepanga kula Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe inayouzwa vyakula jioni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana mzio wa kamba. Mara ya mwisho alipowala alivimba midomo, akabanwa na pumzi, tukamkimbiza hospitali. Samaki anakula bila tatizo. Baadhi ya ndugu wanasema achague samaki tu, lakini mama mkwe anaona tusiende kabisa. Tufanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, mama mkwe wako ana haki ya kuogopa, ingawa sioni kwamba ni lazima mwache kwenda. Ndugu wanaosema achague samaki tu wanaangalia sahani, ilhali hatari kubwa iko kwenye jiko.

Pale Forodhani wachuuzi hupanga mezani mishikaki ya kamba, pweza, ngisi na jodari ikiwa imekwisha kuchomwa, mmoja ukigusana na mwenzake. Mteja akichagua, mshikaki wake hurudishwa kwenye makaa, na mara nyingi hupakwa mafuta kwa brashi iliyotoka kwa kamba na kukatwa kwa kisu hicho hicho. Kinachomdhuru shemeji yako ni protini iitwayo tropomiosini, ambayo haiharibiki kwa kupikwa, kwa hiyo anayekwambia kuwa moto umekwisha kuua kila kitu amekosea. Kwa sababu hiyo hiyo, pizza ya Zanzibar iliyojazwa ndizi tupu inaweza kumdhuru, iwapo kikaango kimetoka kukaanga ya kamba muda mfupi kabla. Chipsi nazo ziulizieni mafuta yake.

Kaa na kambakochi awaepuke kabisa, kwani ni jamii moja na kamba. Pweza, ngisi, kome na chaza wana protini inayofanana na hiyo, na baadhi ya wenye mzio wa kamba hudhurika kwao pia; asiwaonje kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Jukumu la kuuliza msimwachie yeye. Mgeni anayejiona anasumbua watu hunyamaza na kula kwa kubahatisha, jambo linalonisikitisha kila ninapoliona. Wewe au mke wako mtangulie kwa mchuuzi kabla meza yake haijajaa watu, mmwambie waziwazi kwamba dada huyu akila hata mafuta yaliyogusa kamba anabanwa na pumzi, kisha mmwombe amchomee samaki mzima ndani ya karatasi ya foili mpya, kwa kisu kilichooshwa kwa sabuni. Akijibu upesi kwamba hakuna shida bila hata kugeuka kutazama vifaa vyake, mshukuruni na muondoke. Anayekiri kwamba ana jiko moja tu na hawezi kutenganisha amewasaidia zaidi, na hapo ni heri shemeji ale kwanza kwenye mgahawa uliokubali mapema kumpikia peke yake, ndipo aje bustanini kunywa maji ya miwa pamoja nanyi.

Kwa maoni yangu, jioni hiyo meza nzima iache kamba. Watoto wakishika kamba kwa vidole kisha wakaingiza mkono kwenye sinia la chapati, tahadhari zote za jikoni zimekwenda bure. Na dawa ya kutakasa mikono haiondoi protini hiyo, sharti sabuni na maji. Mkae pia mbali na moshi na mvuke wa majiko.

Kabla ya safari, amwone daktari kuhusu sindano ya adrenalini, afundishwe jinsi ya kujichoma pajani kwa upande wa nje, na ninyi mfundishwe pamoja naye. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho, lakini haviokoi mtu ambaye koo linaziba. Dalili zikianza, achomwe sindano mara moja, alazwe chali miguu ikiinuliwa, au akae iwapo anapumua kwa shida, wala asitembezwe. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na Forodhani. Mmoja wenu aijue njia na awe na namba ya dereva wa teksi. Hata akipata nafuu baada ya sindano, apelekwe, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.