Mkojo wa damu unaokuja kwa tarehe

Mwanangu wa pili nilimzaa kwa operesheni, hapa hapa mkoani Tabora, kama nilivyomzaa wa kwanza. Kidonda kilipona vizuri. Mpira wa mkojo ulitolewa mapema, nikaruhusiwa nikiwa nakojoa kawaida, sivuji hata tone. Mtu angenitajia fistula wakati ule ningemkatalia. Fistula niliyoijua ni ya mama aliyekaa na uchungu siku mbili tatu, mtoto amekwama, kisha mkojo unamtoka usiku na mchana bila kuuzuia. Mimi nilikuwa mkavu.

Miezi saba baadaye nikakojoa damu. Haikuuma. Ilikuja siku nne, ikakata. Zahanati waliniuliza kama naingia kwenye majaruba ya mpunga. Naingia kila msimu, na kwetu mkulima wa mpunga akikojoa damu, cha kwanza kutajwa ni kichocho. Nikapewa vile vidonge vikubwa vichungu, nikameza, damu ikakata. Mwezi uliofuata ikarudi, safari hii ikaitwa UTI, nikapewa dawa za siku saba. Ikakata tena. Ikarudi tena. Leo naelewa kwa nini tulizunguka muda mrefu hivyo: kila dawa ilionekana imefanya kazi, kwa sababu damu ingekata yenyewe siku ya nne hata kama ningekunywa maji matupu.

Kulikuwa na swali moja ambalo lingetufumbua macho, na tulilipita kila mara. "Siku zako zimerudi, mama?" Najibu bado, nanyonyesha. Nesi anaandika, tunaendelea. Mtoto nikamwachisha ziwa akiwa na mwaka na nusu, siku bado. Nikapima mimba mara tatu, hakuna kitu. Mama mkwe akaanza kuniuliza kwa upole kama nimechoma sindano ya uzazi wa mpango bila kumwambia mwanawe. Maneno yale yaliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliyeugundua mchezo ni dada yangu mkubwa, ambaye hata darasa la afya hajakaa. Aliniambia niache kusema "damu inakuja inakwenda", niandike. Nyuma ya mlango wa chumbani tulikuwa na kalenda ya duka la pembejeo. Nikawa nazungushia kwa peni nyekundu kila siku damu inapoanza: 3 Machi, 31 Machi, 28 Aprili, 27 Mei. Dada alikuja, akasimama mbele ya ile kalenda, akahesabu kwa kidole. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Akanigeukia: "Mdogo wangu, hizi ni siku zako. Zimepotea njia."

Niliitoa kalenda kwenye msumari, nikaikunja, nikaenda nayo kwa daktari wa wanawake. Aliitazama kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akanichorea.

Kibofu cha mkojo kimelala mbele ya kizazi, kimegusana nacho sehemu ya chini, pale pale daktari anapokata ili kumtoa mtoto. Kabla ya kukata, kibofu husogezwa chini. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa, kovu la kwanza mara nyingi huwa limekigandisha kibofu kwenye kizazi, na kukibandua bila kukijeruhi ni kazi ngumu. Kinaweza kuchanika, au kushikwa na uzi wakati wa kushona, na baadaye pakabaki tundu. Hiyo ndiyo fistula ya kibofu na kizazi. Ni adimu kuliko ile ya kibofu na uke. Na hii ya aina yangu ina jambo la kushangaza: shingo ya kizazi inabana kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, kwa hiyo mkojo haushuki ukeni, lakini damu ya hedhi inapita tunduni, inaingia kwenye kibofu, inatoka na mkojo. Daktari Youssef wa Misri aliieleza hali hii mwaka 1957. Wapo pia wanaovuja mkojo na kuona siku zao kama kawaida, na wapo wanaotokwa na damu kote kuwili.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo wengi hurudishwa nyumbani. Cha kwanza ni kile cha rangi ya bluu. Unawekewa mpira, rangi inapitishwa hadi kibofuni, na pamba zinawekwa ukeni kuona kama zitabadilika. Zangu zilitoka nyeupe kabisa. Wewe unayesoma, ukifika hapo usikubali kuambiwa huna kitu. Kwa fistula inayobanwa na shingo ya kizazi, pamba nyeupe haimalizi maneno. Mimi iliyonionyesha ni picha ya eksirei ambayo dawa inapitishwa kwenye mlango wa kizazi: badala ya kubaki kwenye kizazi, dawa ilionekana ikimwagikia kibofuni. Baadaye wakaingiza kamera ndogo kwenye kibofu na kuliona tundu ukutani kwa nyuma. Kamera walipanga ifanyike siku za damu, ili waone inakotoka. Kalenda ikatumika tena.

Matibabu yanategemea umewahi kiasi gani. Tundu dogo likigunduliwa mapema baada ya kujifungua, mpira wa mkojo ukikaa wiki kadhaa mfululizo, kibofu kikiwa kitupu muda wote, linaweza kujifunga lenyewe. Ndiyo maana nasema kwa mama yeyote aliyetoka operesheni na anaona damu kwenye mkojo au anavuja: usisubiri arobaini iishe. Wengine hupewa dawa za homoni za kusimamisha hedhi kwa miezi kadhaa, na kwa baadhi yao tundu huziba. Langu lilikuwa limekomaa, nikapangiwa upasuaji Dar es Salaam.

Nilipanda treni. Kuhusu gharama niseme wazi, maana hofu ya pesa ndiyo iliyotaka kunirudisha: hospitali ya CCBRT pale Dar hutibu fistula bure, na mwaka 2009 walianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa. Ulizia kwanza utaratibu wa sasa kabla hujauza mbuzi.

Walipasua juu ya kovu lile lile, wakakitenganisha kibofu na kizazi, wakashona kila kimoja peke yake, na katikati wakaweka kipande cha ule utandu wa mafuta unaofunika utumbo, ili makovu mawili yasigusane tena. Kizazi changu kimebaki. Baada ya hapo kazi ni yako na mpira wako. Mimi nilikaa nao wiki tatu. Kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe. Mfuko uwe chini ya kiuno wakati wote, hata ukitembea. Usilalie mrija. Usiku mmoja niligeuka nikaukunja bila kujua. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa na fistula ya kuvuja kwa miaka mingi na alilala kidogo sana, aliona mfuko haujaongezeka akamwita nesi kabla mimi sijaamka. Kibofu kikijaa, mshono unavutwa. Bado namwombea yule mama.

Mumeo aende nawe siku ya kuruhusiwa, asikie kwa masikio yake kwamba tendo la ndoa linasubiri miezi mitatu, na kwamba mimba inayofuata unaianza kwa daktari na kujifungua ni kwa operesheni iliyopangwa. Ukimpelekea wewe taarifa hiyo nyumbani, itageuka mjadala.

Wiki ya sita baada ya kurudi, kabla ya adhana ya alfajiri, niliamka nikakuta khanga imelowa damu kidogo. Nikaenda chooni na tochi ya simu, nikakojoa kwenye kopo, nikamulika. Mkojo ulikuwa safi. Nilimpigia dada pale pale, akapokea kwa woga kama watu wanavyopokea simu za saa hizo, nikamwambia achukue peni.