Jibu: wadudu kama mbu kwenye taa Mwanza, ni spishi gani?

Mkuu hao sio mbu, hawana ule mrija wa kunyonya damu, ingawa dume vipapasio vyake vina manyoya kama brashi, sawa na mbu dume. Ila kwa picha ya simu utaishia kusema Chironomidae basi (familia ya wadudu wanaofanana na mbu ila hawaumi), spishi mpaka uangalie sehemu za uzazi za dume kwa hadubini. So kamata madume kadhaa watie kwenye spiriti 70% na kikaratasi ndani, tarehe, sehemu, GPS, andika kwa penseli maana wino unayeyuka (mi nishalia kwa hilo). Halafu Ziwa Victoria kuna Chaoborus pia (jenasi ya familia nyingine), wanafanana mno, cheki mabuu: ya Chaoborus yanapitisha mwanga kama kioo, ya Chironomus (jenasi ya hao Chironomidae) mekundu kabisa.