Sauti zimepotea kwenye mradi: majibu kwa wasomaji

Mwalimu, nilirekodi kwaya yetu hapa Jinja kwa Cubase, programu ya kurekodi muziki, sauti nikaziweka kwenye diski ya nje. Nimebadilisha kompyuta, sasa mradi unasema faili hazionekani. Wanakwaya wametawanyika, siwezi kuwaita tena. Nifanyeje?

Pole ndugu yangu, lakini usilie bado. Faili ya mradi, ile ya .cpr, haina sauti ndani yake. Ina anwani tu: sauti fulani iko diski fulani, folda fulani. Kama kompyuta ya zamani iliiita diski yako E na hii mpya inaiita F, Cubase inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ingia Disk Management ya Windows, irudishie diski herufi yake ya zamani, kisha ufungue mradi upya. Mara nyingi shida huishia hapo.

Isipoisha, fungua Pool, yaani orodha ya faili zote za sauti za mradi. Kila faili isiyoonekana ina alama ya kuuliza. Kwenye menyu ya Media chagua Find Missing Files, uielekeze kwenye folda ya Audio ya mradi huo. Hapo ndipo nakusihi uende polepole. Cubase huipa rekodi jina la traki. Usipoipa traki jina, kila mradi wako utakuwa na Audio 01_01.wav yake. Nimeshasikia soprano wa kwaya moja akiimba katikati ya wimbo wa kwaya nyingine, kisa majina yamefanana. Tazama tarehe na urefu wa faili, kisha uisikilize kabla ya kuikubali. Na Remove Missing Files usiiguse: inaviondoa vipande vya sauti hizo kwenye mradi, na hata ukizipata kesho hutajua zilikaa wapi.

Nilimtumia prodyuza wa Kampala faili ya .flp, ya mradi wa FL Studio, kwa WhatsApp. Ananiambia ngoma hazilii. (Mbale)

Ni yale yale: umetuma anwani bila mzigo. Katika FL Studio nenda File, Export, kisha Zipped loop package, utume hiyo. Anayetumia Ableton Live abonyeze Collect All and Save. Plagini, zile programu ndogo za ala na madoido, haziingii kwenye furushi, kwa hiyo mwulize kwanza kama anazo.

Umeme ulikatika tukiwa tunarekodi. Faili ya wav ipo, ila programu inasema ni tupu. (Gulu)

Angalia ukubwa wake. Sauti ya mono (chaneli moja) ya biti 24, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hula karibu MB 8 kila dakika, hivyo faili yenye MB 30 ina kama dakika nne zako ndani. Kilichokosekana huenda ni maelezo ya mwanzo wa faili, ambayo programu hukamilisha unapoacha kurekodi. Nakili faili kwanza, kisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua File, Import, Raw Data, uandike biti, kasi na idadi ya chaneli ulizorekodia. Ukikosea utasikia kelele tupu, jaribu tena.

Babu yangu alinipigia adungu, kinubi chetu cha nyuzi, nikamrekodi. Jana nimefuta folda ile kwenye flashi kwa bahati mbaya, na yeye hatunaye tena. (Nebbi)

Dada, pole sana kwa msiba. Chomoa flashi hiyo sasa hivi, usiandike kitu chochote juu yake. Ukifuta faili, sauti yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe mahali pake. Tumia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ni ya bure, na unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi hiyo hiyo. Majina ya faili hayatarudi. Utapata wav zenye herufi na namba tu, na itabidi usikilize moja moja mpaka usikie nyuzi za babu. Tafuta pia kadi ya kinasa sauti ulichotumia siku ile. Kama haijarekodiwa tena, ijaribu kwa njia hiyo hiyo. Kama ulinakili kwenye kompyuta yenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ukafuta huko pia, matumaini ni madogo, kwa kuwa SSD nyingi hujisafisha zenyewe. Anza na flashi.

Ukizipata, ziandike jina lake na jina la wimbo usiku huo huo, na nakala moja ikae kwa ndugu mwingine, nyumba nyingine.